Wataalamu wa mishipa ya fahamu, MS inauma au haiumi? Mke wangu hapati usingizi, daktari kasema huu ugonjwa hauna maumivu

#1 Baba Naima
Wakuu habari za mchana, naenda moja kwa moja.

Mke wangu ana miaka 34. Mwaka juzi jicho la kushoto lilianza kuuma kila akiligeuza, baadae ukungu ukatanda, kitu chekundu akawa anakiona kimepauka. Tukapewa matone, jicho likarudi lenyewe tukasahau. Mwaka jana miguu ikashikwa ganzi kuanzia nyayo ikapanda mpaka kitovuni, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Tumezunguka sana, mara presha, mara damu pungufu, kuna mmoja akasema ni mawazo. Mwisho kapigwa MRI ya kichwa na shingo hapa Dar, tukaambiwa kuna madoa, ni maltipo sklerosisi, yani MS. Akatundikiwa dripu za stiroidi, nguvu za miguu zikarudi kwa sehemu kubwa, Mungu ni mwema.

Kilichobaki ni maumivu. Usiku miguu inawaka moto, shuka likimgusa tu anaruka. Akiinamisha kichwa, mfano anaosha vyombo, anasema umeme unashuka mgongoni mpaka vidole vya miguu. Alafu kuna kubanwa mbavu mzunguko mzima, siku hizi hata sidiria havai. Panadol, diklofenaki, tramado, vyote kapiga hamna kitu. Nikarudi hospitali, daktari mwingine sio yule wa mwanzo, akanijibu MS haiumi, inalegeza tu, kwahiyo hayo maumivu ni ya kitu kingine.

Ni kweli? Na kama ni kitu kingine ni kipi? Maana nilijua tumemaliza kutafuta jina la ugonjwa kumbe ndio kwanza tunaanza.

#2 Ngosha Mtulivu
Pole sana mkuu. Nachukua siti ya mbele, ngoja waje wenyewe.

#3 Dada wa Midlands
Pole kaka, mfikishie wifi pole zangu. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa MS, kwetu Kilosa ila niligundulika nikiwa huku Uingereza. Huyo anayesema haiumi aje alale kwangu siku moja ya baridi.

Hilo la kubanwa mbavu mimi lilinishika usiku nikajua moyo ndio unaniaga, nikabebwa na ambulansi, wakapima moyo ukakutwa mzima kabisa. Wagonjwa wenzangu huku wanaliita kumbatio. Ni ile misuli midogo ya katikati ya mbavu inakaza, au uti wa mgongo unatuma taarifa za uongo kwamba kuna mtu anakubana wakati hakuna aliyekugusa. Umeme wa shingoni ninao. Miguu kuwaka ninayo. Na kuna la nne ambalo naomba wifi asilipate, la usoni, ukipiga mswaki au upepo ukikupiga shavuni unachomwa kisu cha sekunde mbili tatu, unatulia, kinarudi. Nilipokuwa likizo nyumbani daktari wa meno aling'oa jino langu zima kabisa kwa sababu hiyo, na maumivu yakabaki palepale.

Diklofenaki haiwezi kugusa hayo maumivu. Dawa zake ni nyingine kabisa, za kifafa na za sonona, msishtuke mkiandikiwa.

#4 Mzaramo Halisi
Wakuu mimi sio mtaalamu ila kubanwa mbavu usiku, miguu kuwaka, jicho kuingia giza na kutoka… hivyo vitu sisi kwetu vinajulikana. Huyo ana jini mahaba. Baba Naima usikimbilie kubisha, uliza wazee.

#5 Ngosha Mtulivu
Mzaramo Halisi jini gani anaonekana kwenye MRI aisee 😂😂

#6 Mzaramo Halisi
Madoa yalionekana, jini hakuonekana. Aliyeyaweka madoa nani?

#7 Intern Mchovu
Nimetoka zamu nimechoka ila uzi huu siwezi kuupita.

Mkuu #1, hilo la MS kutouma ni elimu ya zamani. Vitabu vya miaka hiyo viliuweka MS kwenye kundi la magonjwa yasiyo na maumivu na wapo waliosoma hivyo hawakurudi tena kitabuni. Uchambuzi wa 2013 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta karibu asilimia 63 ya wenye MS wana maumivu ya aina fulani. Maumivu ya kuwaka mikononi na miguuni kama ya mkeo yalikuwa kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne. Hayo ya usoni ya Dada wa Midlands ni machache zaidi, kama asilimia 4 hivi.

Kinachotokea: kinga ya mwili inashambulia ganda la mafuta linalofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na ule mshipa wa jicho. Chukulia waya uliochunika plastiki. Taarifa zinachelewa, zinapotea (ndio ganzi na udhaifu) au waya unajirushia wenyewe bila mtu kubonyeza swichi (ndio moto na umeme). Miguu ya mkeo haina kidonda wala uvimbe. Diklofenaki inafanya kazi pale tishu ilipovimba, sasa huku kwenye mguu hamna cha kutuliza, tatizo liko juu shingoni.

Umeme wa kuinamisha shingo unaitwa alama ya Lhermitte, daktari Mfaransa aliyeandika habari zake 1924. Ukiinama uti unavutika kidogo na ile sehemu iliyochunika inafyatuka.

#8 Fundi Umeme Mbagala
Intern Mchovu heshima kwako ila hapo kwenye waya umetukosea mafundi. Waya ukichunika haujirushii wenyewe. Unaweza kukaa uchi miaka mitano ukapeleka moto vizuri tu. Shida ni ukigusana na mwenzake, hapo ndo unapata shoti. Mmoja peke yake hana shida na mtu.

#9 Intern Mchovu
Hahaha fundi, basi umenisaidia bila kujua. Hilo la kugusana lipo kwenye nadharia zao pia. Nyuzi za fahamu zilizochunika zikilala jirani, taarifa ya mguso mwepesi inarukia uzi wa maumivu. Ndio maana shuka tu linamuuma. Wengine wanasema hapana, ni ule uzi wenyewe uliochunika unaota vijimilango vya sodiamu kupita kiasi na unafyatuka ovyo. Wa tatu wanasema njia ya maumivu ikikatwa, ubongo wa juu unaokosa taarifa unaanza kutengeneza zake. Nenda kasome utakuta zote tatu zina watetezi.

#10 Fundi Umeme Mbagala
Kwahiyo hamjui 😂 Sisi tungeshafukuzwa saiti.

#11 Wa Kayole
Niaje wasee, niko Nairobi. Mimi swali yangu ni moja, hii MS si ni ugonjwa ya wazungu? Daktari wangu aliniambia watu wa karibu na ikweta hawapati kwa sababu ya jua na vitamini D. Sasa bibi ya jamaa ako Dar, jua iko hadi usiku, amepata aje? Mi naona waangalie tena hiyo MRI.

#12 Dada wa Midlands
Wa Kayole, mimi ni mzungu wa Kilosa basi. Ni kweli kadri unavyokwenda kaskazini wagonjwa wanaongezeka na vitamini D inatajwa sana. Ila utafiti wa California kusini uliotoka 2013 ulikuta wanawake weusi wanapata MS kuliko hata wanawake wa kizungu wa hukohuko. Huko nyumbani hesabu ni ndogo, lakini hesabu za MS bila MRI unazipataje? Niambie mtu wa Kilosa anapimwa wapi. Atafia nyumbani watu wanasema alirogwa (Mzaramo Halisi nakuona).

#13 Wa Kayole
Sawa sista, point. Lakini bado ni rare.

#14 Mlabu wa Kampala
Kuongezea hapo. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa wanajeshi wa Marekani, zaidi ya milioni 10, damu zao zilikuwa zimehifadhiwa miaka. Walichokuta ni kwamba mtu akiambukizwa kirusi cha Epstein-Barr hatari ya kupata MS inapanda mara 32. Na hicho kirusi historia yake ni ya huku kwetu, kilionekana kwa mara ya kwanza 1964 London kwenye sampuli za uvimbe wa taya za watoto zilizotoka Uganda, ule uvimbe wa Burkitt.

Sasa kitendawili ni kwamba huku karibu kila mtoto anakipata akiwa mdogo kabisa. Kama kirusi ndio chanzo tungekuwa na MS kila nyumba. Kuna wanaosema kukipata utotoni kunaleta shida ndogo kuliko kukipata ujanani. Kuna wanaosema minyoo yetu inaipoza kinga ya mwili. Mi nafanya kazi maabara sio msemaji wa minyoo.

#15 Ngosha Mtulivu
Yani minyoo inatulinda alafu serikali inatupa albendazo 😂

#16 Bi Mkubwa wa Pongwe
Wanangu hamjambo. Baba Naima pole mwanangu, kuuguza nako ni kuumwa.

Mie sina MS ila huo umeme wa shingoni niliwahi kuupata, na miguu ikiwaka vivyo hivyo, nikawa nalala miguu iko nje ya chandarua naona heri ya mbu. Nina sukari miaka mingi, natumia metfomini. Kijana mmoja daktari, Mungu amjaalie, ndiye aliyewaza kupima vitamini B12 ikakutwa iko chini sana. Akanieleza metfomini ya muda mrefu huishusha hiyo vitamini, na ikipungua mno uti wa mgongo unaharibika. Nikachomwa sindano, umeme ukatoweka, kuwaka kumepungua japo hakujesha. Huyo mkeo amepimwa B12? Isije ikawa mnahangaika na kubwa kumbe dogo.

#17 Baba Naima
Shikamoo Bi Mkubwa, asante sana. Hana sukari, metfomini hatumii. B12 sikumbuki kuiona kwenye makaratasi, nitauliza. Ila sindano za vitamini B mchanganyiko kachomwa nyingi tu pale duka la dawa, kila miguu ikizidi wanamchoma.

#18 Bi Mkubwa wa Pongwe
Marahaba. Muulize daktari, wa dukani kazi yake kuuza.

#19 Mfamasia wa Zamu
Baba Naima hizo sindano za mchanganyiko simamisha kwanza. Ndani kuna B6, na B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inaanza kuwaka kwa ajili ya dawa. Watu wanaijua B6 kwasababu wanaotumia dawa za TB hupewa ili miguu isiwake, wanadhani basi ukiongeza ndio unapona zaidi. Pia kama B12 ilikuwa chini, hizo sindano zimeshachafua kipimo, majibu yatakuja mazuri wakati uti ulishaumia. Mwambie daktari kwamba alichomwa.

Dawa zinazotumika kwa maumivu haya ni amitriptilini usiku kwa dozi ndogo, gabapentini au pregabalini, na duloksetini ukiipata. Zote zinaanza chini zinapandishwa taratibu, zinaleta usingizi na kizunguzungu, na mgonjwa ambaye miguu tayari inalegea anaweza kudondoka, kwahiyo choo cha usiku msindikize. Usiku wa kwanza asipopona msiseme dawa feki, zinahitaji wiki kadhaa. Na usizikate ghafla.

Karbamazepini, ndio Tegretol, ni ya yale maumivu ya usoni hasa. Hii ina mambo yake: inashusha chumvi ya sodiamu mwilini, ikileta vipele ni kukimbia hospitali siku hiyohiyo, inavunja nguvu ya vidonge vya uzazi, na anayetumia TLD (kidonge cha ARV) lazima amwambie daktari kwasababu inaipunguza dolutegravir.

Na tramado ukichanganya na amitriptilini ni hatari, unaweza kuamsha degedege. Kabla hajaanza moja sema kama anatumia nyingine.

#20 Mtoto wa Tarime
Uzi mzuri. Mimi nauliza, shemeji anakula sana muhogo? Kwetu Mara mwaka 1985 kulikuwa na mlipuko wa ugonjwa wa miguu kukakamaa, watu wazima na watoto wanaamka asubuhi hawawezi kutembea, wazee bado wanahadithia. Ilikuwa ni muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri kipindi cha ukame, una sumu ya sayanaidi. Konzo.

#21 Intern Mchovu
Tarime umenikumbusha mbali, konzo ya kwenu iliandikwa kabisa kwenye majarida. Ila haifanani na hii. Konzo inakuja ghafla, miguu yote miwili inakakamaa alafu inabaki hivyo, haiji na kuondoka, na tatizo lake kubwa ni kukakamaa sio kuwaka. Huyu alianza na jicho, likapona, miezi ikapita, miguu, ikapata nafuu. Konzo haina tabia hiyo.

#22 Mtoto wa Tarime
Mbona kuna waliokuwa hawaoni vizuri pia? Bibi yangu mkubwa aliumwa.

#23 Intern Mchovu
Ni kweli kwa baadhi macho yanaguswa. Lakini kwa pamoja na miguu, sio mwaka mmoja jicho mwaka mwingine miguu. Bado kuna TB ya uti wa mgongo, disk za shingo, HIV, sukari, kaswende, vyote hivyo huku kwetu vinapimwa kabla ya kusema MS.

#24 Mzaramo Halisi
Mmetaja vyote isipokuwa kimoja.

#25 Rasi Mdogo
Wakuu mnazunguka mbuyu tu. Ulaya wenye MS wanapewa bangi na serikali, dawa ya kupuliza mdomoni. Sisi tuna ya Arusha, ya Tarime (mkuu #20 hapo 😄), tunakalia uchumi na wagonjwa wanateseka. Baba Naima tafuta majani chemsha chai, wifi atalala kama mtoto.

#26 Dada wa Midlands
Rasi tulia. Hiyo ya kupuliza inaitwa Sativex, ilipata kibali Uingereza 2010, na kibali chake ni kwa misuli kukakamaa pale dawa za kawaida zinaposhindwa, haikupewa kibali cha kuwaka miguu. Kuipata yenyewe huku ni vita. Na imepimwa kiasi kilichomo, sio chai ya sufuria ambayo leo umelala kesho unaongea na ukuta.

#27 Mfamasia wa Zamu
Na akikamatwa nayo hapo Dar, Rasi utaenda kumwekea dhamana?

#28 Rasi Mdogo
😂😂 Naomba yaishe.

#29 Bint Seif Muscat
Assalaam alaykum. Miye mtu wa Mkoani, Pemba, niko Muscat nafanya kazi wodi ya mishipa ya fahamu. Nimesoma uzi wote toka juu, kuna jambo moja halikutajwa na ndilo lililonifanya niandike.

Baba Naima, hiyo MRI ya shingo, doa lilikuwa fupi au refu? Kwa sababu kuna ndugu yake MS anaitwa NMO. Zamani wakidhaniwa ni ugonjwa mmoja. Mwaka 2004 watu wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, pamoja na Wajapani waligundua kingamwili yake kwenye damu, ikajulikana wazi kuwa ni maradhi mbali. Nayo hushambulia jicho na uti wa mgongo, lakini doa la kwenye uti huwa refu, linapita pingili tatu na zaidi, na maumivu yake khasa ni makali kuliko ya MS, yale ya kubanwa kiwiliwili na misuli kukaza kwa maumivu. Watu weusi na Waasia, tukilinganishwa na wazungu, ndio tunaoipata sana.

Ya umuhimu ni kuwa dawa hazifanani. Baadhi ya dawa za MS, mfano intaferoni beta na fingolimodi, zinaweza kumzidishia mwenye NMO. Kipimo ni cha damu, kingamwili ya akwaporini 4. Jengine nikuulize, maana NMO huweza kujitokeza hivyo, hajawahi kupata kwikwi isiyokatika au kutapika siku nyingi bila sababu?

#30 Baba Naima
Bint Seif waalaykum salaam. Nimesoma posti yako nikamuita mke wangu nikamsomea. Tumeangaliana. Kabla ya miguu kuanza alipata kwikwi ikagoma kukatika, analala nayo anaamka nayo, na kutapika juu, tukatibiwa vidonda vya tumbo. Hakuna mtu aliyewahi kutuuliza hilo na sisi hatukuwahi kuliunganisha na miguu.

MRI karatasi inasema doa shingoni "kuanzia pingili ya 3 hadi ya 5" kama nimelielewa vizuri, na kichwani madoa mawili madogo. Dawa ya kuzuia MS hajaanza bado, tulikuwa tunatafuta hela.

#31 Bint Seif Muscat
Basi kabla hela haijatoka pimeni hicho kipimo. Sisemi ni NMO, ya MS nayo huwa refu mara moja moja, na madoa ya kichwani yanaivuta kurudi kwenye MS. Lakini kwikwi hiyo siipendi.

#32 Intern Mchovu
Bint Seif salute. Ila nami niseme, vidonda vya tumbo na kwikwi wanavyo watu wengi, na jicho lake lilirudi vizuri, la NMO mara nyingi linabaki na hasara. Doa la pingili 3 hadi 5 liko mpakani kabisa. Apime ndio, ila mkuu #1 usilale ukidhani MS imeshafutwa. Ikirudi hasi waombe pia kipimo cha kingamwili ya MOG, hiyo ni ya tatu kwenye ukoo. Na kama hakutolewa maji ya uti wa mgongo ulizia, kuna vistari vya protini wanavitafuta mle vinavyoonekana zaidi kwa MS.

#33 Wa Kayole
Si nilisema waangalie tena hiyo MRI 😎

#34 Dada wa Midlands
Wewe ulisema ni ugonjwa wa wazungu, usijipitishe mlango wa nyuma.

#35 Mke wa Mjeshi
Jamani mimi nauliza kuhusu joto. Dada yangu ana MS, anaishi Dodoma, kila ikifika saa nane mchana anakuwa mwingine kabisa, jicho linaingia ukungu, miguu inakufa, maumivu yanapanda. Jioni anarudi. Mama mkwe wake anamkanda na maji ya moto kila siku anasema anatoa baridi mwilini.

#36 Dada wa Midlands
Mwambie mama mkwe kwa heshima aache hiyo kanda. Joto likipanda hata nusu nyuzi ile mishipa iliyochunika inashindwa kupitisha taarifa, kuna daktari wa macho Mjerumani Uhthoff aliliona hilo tangu 1890. Sio shambulio jipya na halimuongezei uharibifu, akipoa anarudi. Khanga yenye maji shingoni, feni, kupika asubuhi mapema.

#37 Bi Mkubwa wa Pongwe
Mie maji ya vuguvugu yananisaidia miguu ikiwaka.

#38 Dada wa Midlands
Shikamoo Bi Mkubwa. Wewe yako ya B12 na sukari, na mimi kuna rafiki yangu mwenye MS kabisa baridi ndiyo inayomzidishia maumivu, joto linamlegeza tu. Hata mimi baridi ikiingia miguu inawaka vibaya. Kila mmoja na mwili wake.

#39 Fundi Umeme Mbagala
Waya ukipata joto ukinzani unapanda. Hilo nalo mtasema nadharia?

#40 Intern Mchovu
Fundi hapo sasa umeingiza fizikia ya shaba kwenye nyama 😂 Kwenye mshipa joto linafanya milango ya sodiamu ijifunge haraka, taarifa inakosa nguvu ya kuvuka sehemu iliyochunika. Matokeo yanafanana, sababu sio hiyo.

#41 Kapuku Msomi
Wakuu mnazungumzia dawa kama mchicha. Dawa za kuzuia MS bei zake mnazijua? Bima wengi wanaishia kwenye vidonge vya maumivu.

#42 Mfamasia wa Zamu
Kapuku upo sahihi. Ila 2023 WHO waliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hiyo rituksimabu ni ya saratani ya damu kiasili, hospitali kubwa zinazotibu saratani wanaijua, na ina nakala za bei nafuu kidogo. Kizuri ni kwamba inatumika pia kwa NMO, kwahiyo kwa mtu wa katikati kama mke wa Baba Naima daktari anaweza kuielekea hiyo. Ila wanapima homa ya ini B kwanza, isisahaulike, na TB pia wanaangalia.

#43 Kapuku Msomi
Orodha ni ya WHO, duka ni la mtaani. Haya.

#44 Mzaramo Halisi
Baba Naima, pamoja na yote, mpeleke akasomewe dua, haipingani na hospitali.

#45 Baba Naima
Mzaramo Halisi dua tunasomewa kila Alhamisi na bibi yake, na hajaacha kuumwa wala sisi hatujaacha dua.

Mrejesho mfupi wakuu. Tumerudi kwa yule daktari wa kwanza wa MRI. Nimemtajia kwikwi akakaa kimya akaandika. Damu ya akwaporini imetolewa, hapa hawapimi, inasafirishwa nje, majibu yatachukua muda. B12 pia imetolewa na nimewaeleza kuhusu sindano. Sindano za dukani tumeacha. Kaanzishiwa gabapentini usiku, tramado kaambiwa aiache polepole. Usiku wa kwanza kalala mpaka alfajiri, wa pili kaamka miguu inawaka vilevile, asubuhi anapepesuka. Kuhusu kuuma au kutouma, huyu kasema MS inauma, na NMO inauma zaidi, lakini kwa maumivu peke yake hawezi kutofautisha.

#46 Bint Seif Muscat
Alhamdulillah. Jicho la pili likianza kuuma au mkojo ukizuilika msisubiri majibu, nendeni siku ile ile.

#47 Mfamasia wa Zamu
Kupepesuka kwa wiki ya mwanzo ni kawaida, kukizidi waambie wapunguze dozi ya usiku wasiikate. Asibebe mtoto kwenye ngazi kwa sasa.

#48 Wa Kayole
Majibu ikitoka tag mimi. Niko na mia tano ya Kenya kwa Mfamasia, mi nasema B12.

#49 Mfamasia wa Zamu
Mia tano ya Kenya siikatai, ila mimi sijasema ni nini.

#50 Mjukuu wa Chifu
Wakuu samahani nimechelewa, mimi ganzi yangu ni ya kidole gumba cha mkono tu na inakuja nikishika simu muda mrefu, hii nayo ni MS?

#51 Fundi Umeme Mbagala
Weka simu chini kwanza.